Watu wa Akron Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 6 Novemba 1939

Ondrej amerudi. Amekonda, shati linamning'inia kama la kuazima. Alishuka kwenye gari la yule Twombly, muuza matairi wa Akron, akaingia jikoni kofia mkononi, akasema, "Verona, sijanywa." Nikamwambia supu ipo. Basi. Watu hudhani mke atalia, atamrukia mume shingoni. Mimi niliinama kutazama kama makaa yanatosha.

Mama mkwe alimnusa. Kweli kabisa — alimsogelea mwanawe, mtu mzima, fundi wa tanuru la chuma, akamnusa mdomo kama anavyonusa maziwa ya jana. Akasema ananuka sabuni ya Walutheri. Kwake yeye kila asiye Mkatoliki ni Mlutheri.

Twombly alikunywa kahawa akaeleza. Yeye mwenyewe alikuwa mlevi. Anayasema hayo hivihivi tu, kama mtu anavyotaja mtaa alikozaliwa. Huko Akron wapo wanaume walioacha pombe. Kila Jumatano wanakutana nyumbani kwa mmoja wao na kusimuliana waliyoyafanya. Hawana dawa. Wanachojua ni kwamba aliyeacha lazima amtafute mlevi mwingine amsaidie, la sivyo atarudia. Ndivyo yeye alivyompata Ondrej, akiwa amelala nyuma ya duka la matairi hapa mjini, akamchukua kwao Akron mpaka pombe ikamtoka.

Nikauliza, na hapa Youngstown wapo wangapi? Twombly akatazama ndani ya kikombe.

"Kwa sasa, Bi Matlak, ni mumeo."

Mji mzima wa viwanda, baa kila kona, na wangu ndiye peke yake. Mungu naye ana utani wake.

Alhamisi, 16 Novemba

Jana tulikwenda Akron kwa gari la Twombly. Barabara ilikuwa na barafu. Njia nzima Ondrej alikuwa akisugua magoti.

Nyumba ya kawaida. Kochi, piano, viti vya kukunja. Wanaume sebuleni, wake zao jikoni na keki. Wanawake walinipokea vizuri mno, nikashindwa niweke wapi mikono yangu. Mmoja akaniambia, ukisikia jambo lisikuume, ndiyo dawa yenyewe inavyofanya kazi.

Nikapewa sinia la keki nipeleke. Nikafika mlangoni, Ondrej amesimama anasema. Kiingereza chake kibovu, lakini wote wametulia. Alikuwa anasimulia siku aliyokufa binti yetu Marienka. Mimi siku zote nimejua alikuwa kazini, zamu mbili mfululizo, hakuweza kuachiwa. Niliwaambia hivyo mpaka watu wa mazishi. Kumbe alikuwa baa. Walimletea habari hapo hapo kaunta, akaagiza nyingine.

Nilisimama na sinia. Keki ya tufaha, yenye mdalasini juu. Mtu mmoja akanyanyuka taratibu akanipokea.

Miaka yote nimemuuliza, ulikuwaje siku ile, mbona huongei? Amewaambia wauza matairi.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimefua. Sijasema naye.

Jumatatu, 20 Novemba

Bado.

Amepasua kuni zote zilizokuwepo, hata zile za Pasaka. Mama mkwe ananitazama mimi, anamtazama yeye, anatikisa kichwa. Leo amesema mwanawe alipokuwa mlevi nyumba ilikuwa na kelele lakini walau watu walikuwa wanaongea.

Jumapili, 26 Novemba

Nimemwambia najua. Akasema, najua kwamba unajua, nilikuona mlangoni. Kisha nikamuuliza wiski ile aliyoagiza aliimaliza? Akasema ndiyo. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilitaka kulijua hilo tu.

Baada ya misa padri alituita nyuma ya kanisa. Habari zimemfikia. Hasira hakuwa nayo, ila alikuwa na huzuni ya mtu aliyejiandaa. Alisema yale ya Akron ni mambo ya Waprotestanti: kupiga magoti pamoja nao, kuungama mbele ya watu wasio mapadri. Mkatoliki haruhusiwi. Ondrej asiende tena.

Ondrej hana kawaida ya kubishana na padri. Leo alisema: "Baba, nimekuja kuungama kwako miaka yote hii nikinuka pombe. Ulinipa sala, nikazisali nikiwa njiani kwenda baa."

Padri akasema hawezi kubadilisha amri. Ila mtu akikaa kwenye nyumba yake mwenyewe na rafiki zake wakaongea, bila sala za kigeni, hilo yeye hana sababu ya kuliuliza.

Jumanne, 5 Desemba

Twombly amekasirika. Ondrej alimweleza kwa simu ya duka la dawa kwamba haji tena Akron, anaanza ya kwake hapahapa. Twombly kasema mtu mmoja hawezi kuwa kikundi. Kasema pia kwamba tunawagawa watu kabla hawajawa wengi. Ondrej akamjibu, basi niletee wa kugawana naye. Simu ikakatwa.

Anatembea jikoni. Dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani. Mama mkwe ameinua miguu yake juu ya kibao asikanyagwe. Nilimpa kabichi chachu na nyanya za kopo, vile wanavyofundisha Akron kwamba vinatuliza tumbo. Alikula amesimama.

Ikaja saa ya baa kujaa. Akavaa koti. Akasema, "Naenda kutafuta mlevi."

Mama mkwe akauliza kaenda wapi. Ondrej alikuwa amesema kwa Kiingereza cha Akron, nikamtafsiria kwa Kislovaki. Akasema si angejitazama tu kwenye kioo.

Ijumaa, 8 Desemba

Amempata! Dezso Farkas, Mhungaria, kinyozi. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wamewahi kukatwa sikio naye. Amelazwa chumba cha mpangaji. Tulitoa kitanda kile kikubwa tukaweka godoro chini asianguke.

Hospitali zimekataa. Ondrej alizunguka na gari la jirani, kila mahali jibu moja: hatupokei walevi, akipona ulevi mleteni. Akipona! Basi ni hapahapa. Twombly alitufundisha mapema: usimkatie pombe ghafla, anaweza kufa, mpe wiski kijiko, kisha kijiko, upunguze. Kwa hiyo sasa nyumba yangu, nyumba ya mtu anayeacha pombe, ina chupa ya wiski. Anaitunza Mama mkwe. Ameifungia kwenye kasha lake, chini ya nguo zake za kuzikiwa. Ondrej hawezi kugusa hapo hata akishikwa na wazimu.

Dezso anaona panya ukutani. Anawahesabu kwa Kihungaria. Ondrej amekaa naye chini, mgongo ukutani, anamsimulia. Namsikia anacheka! Wanacheka wote wawili. Mimi nakamua mataulo.

Jumapili, 24 Desemba

Vilija, mkesha wetu wa Krismasi. Nyota ya kwanza imetoka tukakaa mezani. Supu ya uyoga na kabichi, samaki, bobalki, vile vimkate vidogo vya mviringo, zenye asali na mbegu za mpopi. Mwaka jana meza hii ilipinduliwa. Mwaka huu walikaa Dezso na mtu mpya, Ruddock. Alikuwa wakili, akanyang'anywa leseni kwa ulevi. Anaongea kama yuko mahakamani hata akiomba chumvi.

Dezso alinyoa kila mtu kabla ya chakula. Mkono umetulia kabisa. Alitaka kumtengeneza nywele hata Mama mkwe, akafukuzwa na mwiko. Anamwita Mama mkwe "malkia wangu" kwa Kihungaria, naye anajifanya haelewi. Lakini alimpa Dezso kipande kikubwa cha samaki.

Wanakutana Alhamisi sasa, sebuleni. Hawapigi magoti. Wanakaa kimya kidogo, kila mtu na lake, kisha wanaanza. Mimi nabaki jikoni mlango ukiwa wazi. Nimeacha kujifanya sisikilizi.

Wivu ninao. Niseme hapa kwa kuwa hakuna wa kulisoma. Ondrej akimtazama Dezso, uso wake unakuwa laini namna ambayo sijawahi kuipata. Mimi nilimbeba mgongoni kutoka baa. Mimi ndiye niliyemdanganya msimamizi wake wa kazi. Lakini mimi sijui kiu, kwa hiyo mimi ni mtu wa nje.

Alhamisi, 18 Januari 1940

Watano sebuleni! Wawili wapya, wa kiwanda cha bomba. Mmoja alikuja amelewa akasinzia mwanzo mpaka mwisho. Ondrej amefurahi kama bwana harusi.

Twombly ameleta salamu kupitia dereva wa lori: Akron wamesikia. Wanauliza tunahitaji nini. Ondrej akasema, mwambie viti.

Jumatatu, 29 Januari

Dezso amekunywa.

Duka lake lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa. Ruddock alivunja mlango wa nyuma, akamkuta chini katikati ya nywele za wateja, chupa za dawa ya nywele zimekauka zote. Alikunywa hata hizo. Wamemleta kwa gari la makaa. Hospitali zimekataa, kama kawaida.

Mama mkwe alifungua kasha kabla sijamwomba. Kijiko hakikupita, meno yamebana.

Ondrej yuko naye. Safari hii sisikii kicheko.

Jumanne, 30 Januari

Asubuhi, kweupe kabisa, kifafa kilimshika. Kikaachia. Kikamshika tena. Nilikuwa nimemshika miguu, Ondrej mabega, na Mama mkwe kamwekea kitambaa kati ya meno. Cha tatu hakikuachia.

Daktari alifika mchana akaandika chanzo cha kifo: moyo.

Uso ulikuwa na ndevu za siku tatu. Ondrej akachukua wembe wa Dezso mwenyewe akamnyoa. Alimkata kidogo kidevuni. Haikutoka damu. Hapo ndipo alipolia.

Ijumaa, 2 Februari

Tumemzika. Hana ndugu nchi hii. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji walitumia moto kuilainisha.

Twombly alikuja kutoka Akron na wanaume wengine watatu, kofia mkononi. Walisimama nje ya kanisa wakati wa misa, kwa heshima au kwa woga sijui. Padri alitoka mwenyewe akawaambia ndani kuna joto. Wakaingia wakakaa nyuma kabisa.

Makaburini Twombly alimshika Ondrej mkono. Hawakutaja simu ile. Alimwambia na wao Akron wamezika. Kwamba hakuna aliyewahi kusema wote watapona.

Nyuma yangu alisimama mwanamke mrefu mwenye koti la kijani, macho mekundu, ananuka pombe. Sikumjua. Aliondoka kabla ya kutiwa udongo.

Jumatano, 14 Februari

Ondrej anafanya kazi, anakula, anakwenda baa kutafuta watu, anarudi bila kunywa. Usiku anasaga meno.

Nimemuuliza kama amechoka. Akasema, "Nisipotafuta, nitakunywa." Nikamuuliza, na ukitafuta halafu wakafa? Akavaa koti akatoka.

Alhamisi, 22 Februari

Saba sebuleni. Viti kutoka Akron vimefika. Kimoja hakina mgongo.

Ijumaa, 8 Machi

Yule mwanamke wa makaburini amegonga mlango wa nyuma. Delia Corrigan. Alikuwa mpokea simu wa reli, mumewe kamfungia nje na kubaki na watoto. Alikuwa akinywa na Dezso. Dezso ndiye aliyemwambia kuna nyumba ukigonga wanafungua.

Alisema hayo yote amesimama kwenye theluji, meno yanagongana. Kisha akaniuliza, "Ni kwa wanaume tu?"

Nikasema ingia kwanza.

Sikufikiri. Chumba cha mpangaji sikuwa nimekiingia tangu Dezso. Nimetandika godoro lilelile, hakuna jingine.

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema wanaume walevi ni msiba wa kawaida, lakini mwanamke mlevi ni aibu ya nyumba itakayompokea. Kisha Delia akatapika sakafuni, na Mama mkwe akaleta ndoo huku akiendelea kusema.

Jumapili, 10 Machi

Vita sebuleni. Wanaume wamekaa kikao, chumbani mtu anagugumia.

Ruddock ndiye msemaji. Mwanamke ataleta fitina. Wake zao watawakataza wasije. Watu wa mtaa watasema nyumba hii ni danguro. Na nani atakaa naye? Mwanamume hawezi kukaa peke yake na mwanamke wa namna hiyo. Akron wenyewe wana shaka na jambo hili.

"Wake zetu watasemaje?" akauliza, mkono juu, kama mbele ya jaji.

Nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Mke mmoja yuko hapa. Mwulize."

Ruddock akakohoa. Ondrej alikuwa anatazama sakafu. Nilimsubiri aseme neno. Akasema ni jambo la kufikiriwa, Alhamisi watu wa Akron wanakuja na magari mawili, tuwaulize.

Kumbe hata yeye.

Basi ninakaa naye mimi. Sina cha kumsimulia. Sijawahi kulewa hata harusini kwangu. Nampa sharubati ya mahindi na nyanya, nashika nywele zake. Leo aliniuliza kwa nini nafanya haya. Nikamwambia kwa kuwa umeuliza kama ni kwa wanaume tu.

Akatabasamu nusu. Jino moja la mbele halipo. Alilipoteza ngazini, anasema, ngazi za kanisa, baada ya kuweka nadhiri ya kutokunywa tena.

Jumanne, 12 Machi

Usiku wa tatu bila kijiko. Anatetemeka lakini anakaa kitini. Anaongea na Mama mkwe kwa Kiingereza, naye anamjibu kwa Kislovaki, na wanaelewana vizuri kuliko mimi na mtu yeyote humu ndani. Walikuwa wanasema juu ya watoto. Delia alionyesha kwa mkono urefu wa kila mmoja.

Ondrej hapiti karibu na chumba. Anaaga kutokea mlangoni. Jana nilimwambia, yule mwanamke anaumwa ugonjwa wako, si wangu. Akasema, "Nikimtazama namwona Dezso. Siwezi, Verona." Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia mimi, si wengine. Nilitakiwa kufurahi. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia basi jifunze.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi. Ondrej hajarudi. Zamu ya usiku imekwisha tangu alfajiri. Nimekanda unga wa kolače, vikeki vya kwetu, kwa ajili ya wageni wa Akron. Wanafika jioni. Leo ndiyo siku yake: atasimama mbele yao aseme jinsi Youngstown ilivyoanza. Shati lake jeupe nimelipiga pasi, liko mgongoni mwa kiti.

Labda tanuru limeharibika. Huwa linaharibika.

Mchana. Halijaharibika. Bi Hudak, jirani, kaniita uani. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu cha moto. Kamwona Ondrej kupitia mlango wa baa ya Dolan alipokwenda sokoni, na akamwona tena aliporudi.

Nilivaa koti. Mama mkwe akanishika mkono: nitafanya nini nikifika, nimburute? Nimeshamburuta sana. Alikuwa akirudi, lakini ni mwili tu uliokuwa ukirudi. Nikaenda anakopanga Ruddock. Yuko Cleveland, atarudi na treni ya jioni. Wengine wako viwandani, hawatoki mpaka king'ora. Nikapiga simu Akron kutoka duka la dawa. Mke wa Twombly kasema wameshaondoka, wanapitia watu njiani. Sauti yake ilikuwa na furaha, anauliza tutahitaji keki ngapi. Nikasema lete tu.

Hakuna sababu! Ndicho kinachonitia hofu. Hakuna aliyekufa wiki hii. Kazi ipo. Viti vipo, watu wanakuja. Alikuwa amevuka yote, amemzika Dezso bila kugusa pombe. Halafu leo.

Niliporudi Delia alikuwa mezani na sharubati yake, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akaniuliza nimempata nani.

"Hakuna."

"Mimi nipo," akasema.

Nilicheka. Kicheko kibaya. Nikamwambia hawezi hata kushika kikombe.

"Siendi kushika kikombe, Verona."

Alinawa uso. Akaomba kofia yangu. Koti la kijani lilikuwa bado na matope ya makaburini mguuni, akalikwangua kwa kisu cha viazi. Nilimwambia mara mbili kwamba si lazima, kwamba ana siku chache mno, kwamba hata wanaume wamekataa kumpa kiti. Akasema hilo la kiti watalizungumza baadaye.

Tulitembea. Nilimshika kiwiko, na mtetemo wake ulikuwa unapanda mpaka begani kwangu. Kona ya Dolan akasimama. Akaniambia nisiingie. Ondrej akiniona mimi ataona mke, ataanza kujitetea.

"Na akikuona wewe?"

"Ataona mtu aliye na hali mbaya kuliko yake. Huwa inasaidia kidogo."

Kuna mlango wa pembeni kwa wanawake. Aliweka mkono kwenye kitasa, akakaa hivyo. Harufu ilikuwa inatoka mpaka nje, bia na vumbi la mbao. Nilidhani atageuka. Namna fulani nilitaka ageuke. Akaingia.

Kioo cha Dolan kimepakwa rangi nusu ya chini, huoni kitu. Nilisimama kwenye theluji chafu. Wanaume wawili walitoka, na mlango ulipokuwa wazi nikaona meza ya pembeni. Ondrej ameinamisha kichwa karibu kugusa meza. Delia amekaa upande wake, si mkabala, bega kwa bega, anasema naye sikioni. Mbele yao glasi mbili.

Mlango ukajifunga. Sikuona kama ya pili ilikuwa na kitu. Sikuona ilikuwa mbele ya nani.

Nilisubiri mpaka sikusikia vidole vya miguu. Hawakutoka. Nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningeingia, na alisema nisiingie.

Sasa ni karibu jioni. Nimemweleza Mama mkwe yote, na habari za glasi. Hakumlaani mtu. Nilimngoja alaani. Alivuta gunia la viazi akaanza kumenya. Nimemwambia Mama, hivyo ni vingi mno. Akasema Waamerika watafika na njaa, na hao wawili hawajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

"Na wasiporudi?"

Hakuinua kichwa. "Shika kisu," akasema.

Sijashika. Naandika, yeye anamenya. Maganda yanaanguka kwenye ndoo. Shati jeupe bado liko kitini.

Magari yamepiga kona. Nayasikia, mawili, Twombly anapiga honi kama anakuja harusini. Milango inafungwa. Mwanamke anasema tahadhari na keki. Wanacheka, wanakung'uta theluji kwenye ngazi zetu, mmoja anauliza kwa sauti kama hapa ndipo nyumbani kwa Ondrej Matlak.

Mama mkwe ananitazama. Sijasimama bado.